UZI: Kombe la FA msimu wa 1972/73, Sunderland ya daraja la pili na mechi tisa ambazo watu huzisahau

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Kwa muda mrefu nimesoma humu wadau wakiandika kwamba Sunderland ilitwaa Kombe la FA, lile la mtoano la klabu za Uingereza, mwaka 1973 kwa sababu kipa wake aliokoa mpira ambao hakuna binadamu angeweza kuuokoa. Sikatai kwamba aliuokoa, na nitaufikia mpira huo kwa wakati wake. Lakini kampeni ile ilikuwa na mechi tisa, na anayeitazama fainali peke yake ni sawa na mtu aliyefika msibani siku ya arobaini halafu akataka kusimulia jinsi marehemu alivyougua.

Hoja yangu naiweka mwanzoni ili atakayetaka kunipinga ajue anapinga nini: timu iliyoshinda Wembley tarehe 5 Mei 1973 ilikuwa imekwisha kuthibitika Februari, mbele ya Manchester City, na mpira ule alioukoa kipa Jim Montgomery uliikuta timu inayostahili kuongoza.

Kwanza vijana waelewe mazingira. Wakati ule hapakuwa na Ligi Kuu ya Uingereza kwa jina la leo. Ngazi ya juu iliitwa daraja la kwanza, na daraja la pili ni lile ambalo sasa linaitwa Championship. Timu za madaraja haya mawili ziliingia mashindanoni katika raundi ya tatu, mwezi Januari, na droo haikumlinda mkubwa wala kumhurumia mdogo. Mechi ikiisha kwa sare hapakuwa na penalti. Timu zilirudiana siku chache baadaye katika uwanja wa yule aliyekuwa mgeni, na sare ikizidi kuendelea, zilikutana tena mahali pengine. Leeds, mpinzani wa Sunderland katika fainali, yenyewe msimu huo ilihitaji mechi tatu kuiondoa Norwich katika raundi ya tatu, sare mbili za 1–1 na kisha 5–0 kwenye uwanja wa Aston Villa.

Sunderland ni mji wa kaskazini mashariki mwa Uingereza, kwenye mdomo wa mto Wear, mji wa viwanda vya meli na migodi ya makaa ya mawe. Klabu yake ilikuwa ya fahari: ubingwa wa ligi mara sita, wa mwisho mwaka 1936, na Kombe la FA mwaka 1937. Baada ya hapo ikaanza kuishi kwa kumbukumbu. Ilishuka daraja kwa mara ya kwanza mwaka 1958, ikapanda, ikashuka tena mwaka 1970. Novemba 1972 ilikuwa inavuta mkia katika daraja la pili, mashabiki wamepungua viwanjani, na kocha Alan Brown akaondoka.

Aliyeletwa ni Bob Stokoe, akitokea Blackpool. Hapa ndipo kisa kinapoanza kupata utamu, kwa sababu Stokoe alikuwa mtu wa Newcastle. Alichezea Newcastle kwa miaka mingi kama beki wa kati na akatwaa nayo Kombe la FA mwaka 1955, wakati Newcastle na Sunderland ni mahasimu wa damu. Kwa sisi wa Dar es Salaam, fikirieni beki mkongwe wa Jangwani (Yanga) akikabidhiwa benchi la Msimbazi (Simba), tena wakati Msimbazi haina matokeo. Katika fainali ile ya mwaka 1955 Newcastle iliifunga Manchester City 3–1, na mmoja wa wachezaji waliokuwa tegemeo la City siku hiyo aliitwa Don Revie. Likumbukeni jina hilo.

Mdau wa Takwimu

Mkuu, nakusoma kwa makini, lakini naomba nikuwekee kigingi mapema. Ukifuatilia njia ya Sunderland, mechi mbili za kwanza walikutana na timu za chini yao, Notts County ya daraja la tatu na Reading ya daraja la nne, na zote mbili wakashindwa kuzimaliza kwa mara ya kwanza. Timu inayostahili kombe haitoki sare nyumbani na timu ya daraja la nne. Huoni kwamba hiyo inaunga mkono nadharia ya bahati?

Mleta mada

Ndugu yangu, umeshika mahali penyewe, na kwa kweli nilikuwa naelekea huko.

Ni kweli kwamba safari ilikaribia kufia mlangoni. Kwa Notts County, Sunderland ilikuwa nyuma ugenini, Montgomery akaokoa mpira wa kichwa wa Les Bradd ambao ungemaliza kila kitu, kisha Dave Watson akasawazisha. Marudiano yakaisha 2–0. Kwa hiyo wanaopenda kuzungumzia mpira mmoja wa Montgomery wajue kwamba alianza kazi hiyo Januari, mbele ya watu wachache.

Reading ilikuwa ikifundishwa na Charlie Hurley, beki wa zamani ambaye mashabiki wa Sunderland walimwita mfalme na baadaye wakamchagua kuwa mchezaji wao bora wa karne. Aliporudi Roker Park, uwanja wa Sunderland, akiwa kocha wa wageni, uwanja ulimpokea kama mtoto wa nyumbani, na vijana wake wakaondoka na sare ya 1–1. Sunderland ikashinda marudiano 3–1 kule Reading.

Sasa tazama kilichokuwa kikibadilika kati ya mechi na mechi, maana takwimu za matokeo hazionyeshi hilo. Stokoe alikuwa anaijenga timu huku mashindano yakiendelea. Alirudisha bukta nyeusi za jadi, jambo ambalo linaonekana dogo kwa asiyejua mashabiki wanavyoshikamana na rangi zao. Januari alikwenda kwenye klabu yake ya zamani, Newcastle, akachukua mabeki wawili, Ron Guthrie na David Young. Februari akamnunua mshambuliaji Vic Halom kutoka Luton. Watson, ambaye Sunderland ilimnunua kutoka Rotherham mwaka 1970 kwa pauni 100,000 akiwa mshambuliaji, sasa alisimama katikati ya ulinzi, na Halom akaziba pengo mbele. Waliobaki wengi walikuwa vijana waliokulia pale pale, kwani klabu ile ilikuwa imetwaa Kombe la FA la Vijana mwaka 1967 na 1969. Nahodha Bobby Kerr alikuwa mfupi kiasi kwamba mabeki wa timu pinzani walimtazama kwa kuinama, na kocha wake akamwita jenerali mdogo.

Timu iliyotoka sare na Reading si timu iliyokwenda Manchester.

Kipa Mstaafu

Mleta mada, usiiruke mechi ya Manchester kwa haraka. Hiyo ndiyo niliyoingia kuisoma.

Mleta mada

Siiruki, mzee wangu. Hiyo ndiyo nguzo ya uzi huu.

Raundi ya tano, 24 Februari 1973, Maine Road, uwanja wa Manchester City. Manchester City ya wakati ule ilikuwa na Colin Bell, Francis Lee, Mike Summerbee na Rodney Marsh, yaani safu ambayo beki yeyote aliiota usiku. Katika raundi ya nne City ilikuwa imeitoa Liverpool, sare ya 0–0 Anfield na kisha 2–0 Manchester, na Liverpool hiyo hiyo ndiyo iliyomaliza msimu ikiwa bingwa wa ligi. Kwa maneno mengine, aliyeiondoa City alikuwa amempiga aliyempiga bingwa.

City ilitangulia. Kisha kipa wao Joe Corrigan akaupiga mpira vibaya, ukamwangukia Micky Horswill, kijana mwenye nywele nyekundu, naye akasawazisha. Billy Hughes akaongeza la pili, na ghafla timu ya daraja la pili ikawa inaongoza ugenini. City ikapata sare kwa kona ya Summerbee ambayo Montgomery mwenyewe aliusukumia mpira wavuni mwake. Naomba wanaomwita malaika wasome sentensi hiyo mara mbili: kipa yule alikosea kama makipa wengine, tena kwenye mechi kubwa, na timu haikufa kwa kosa lake. Tony Towers wa City alitolewa nje, mechi ikaisha 2–2, na watu wakasema kwamba nafasi ya Sunderland imepita, kwani mkubwa hakupi nafasi ya pili.

Siku tatu baadaye, usiku wa Jumanne tarehe 27 Februari, watu 51,782 walijaa Roker Park. Kumbukeni kwamba ni klabu ambayo miezi mitatu kabla ilikuwa inacheza mbele ya viti vitupu. Halom alipokea mpira pembeni mwa eneo la hatari upande wa kulia, akauachia kombora lililokwenda moja kwa moja juu kwenye kona ya mbali. Mpaka Roker Park ilipofungwa mwaka 1997 wapo wengi waliolihesabu goli hilo kuwa bora kuliko yote waliyoyaona pale. Hughes akafunga mawili, Lee akaipatia City moja, 3–1.

Nataka kusisitiza namna walivyoshinda. Hawakukaa nyuma wakisubiri mpira wa kushtukiza. Walicheza kwa kasi, mawinga wakiwavuta mabeki wa City pembeni, na City ikabanwa kwa muda mrefu kuliko ilivyotarajia mtu yeyote. Bahati inaweza kukupa sare ya Maine Road. Haikupi mabao matatu siku tatu baadaye dhidi ya watu wale wale ambao sasa wamekwisha kukujua.

Robo fainali dhidi ya Luton naipita haraka, kwani ilikuwa mechi ya wana daraja la pili wawili, na Sunderland ikashinda 2–0 nyumbani kwa mabao ya Watson na Guthrie. Jambo la pekee ni kwamba Halom alikuwa ametoka Luton wiki chache tu zilizopita, akajikuta anaifungia safari timu iliyomuuza.

Mnyama wa Msimbazi

Wakuu, naomba kuingiza neno moja kabla hatujafika nusu fainali, na Mleta mada anisahihishe. Sisi wa Simba tuna haki ya kukaa kwenye uzi huu bila kuulizwa. Klabu yetu iliitwa Sunderland kabla ya mwaka 1971. Waliotwaa ubingwa wa kwanza wa ligi ya Tanzania mwaka 1965, na wa pili mwaka 1966, waliutwaa kwa jina la Sunderland. Kwa hiyo Waingereza wanapopiga kelele juu ya mwaka 1973, sisi tulikuwa tumekwisha kulivaa jina hilo na kulivua.

Mleta mada

Uko sahihi, na nilikuwa nimeliweka hilo akiba. Kuna kichekesho ndani yake: Sunderland ya Dar es Salaam ilijiita Simba mwaka 1971, na miaka miwili tu baadaye Sunderland ya mto Wear ikapata ushindi mkubwa kuliko wowote baada ya vita vya pili vya dunia. Na mwaka huo huo wa 1973 Simba ilitwaa ubingwa wa Tanzania, ambao uliifikisha nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika mwaka 1974. Wazee wetu waliozoea kusikia jina la Sunderland redioni walipata mwaka mzuri kwa pande zote mbili.

Sasa nusu fainali dhidi ya Arsenal: Hillsborough, Sheffield, tarehe 7 Aprili 1973. Arsenal ilikuwa imetwaa ligi na kombe kwa pamoja mwaka 1971, ikacheza fainali mwaka 1972, na sasa ilitaka kuwa Wembley kwa mwaka wa tatu mfululizo. Msimu huo ilimaliza ya pili kwenye ligi. Beki wake Jeff Blockley alirudisha mpira dhaifu kwa kipa Bob Wilson, Halom akauwahi, akampita Wilson na kufunga. Kipindi cha pili Hughes akaongeza kwa kichwa. Charlie George akarudisha moja mwishoni, na dakika zilizobaki zilikuwa ndefu kama foleni ya Ubungo, lakini ikaisha 2–1.

Kilichotokea baada ya filimbi ndicho kinachonigusa kuliko goli lolote. Mashabiki wa Sunderland walikataa kuondoka. Walibaki majukwaani wakimwita kocha kwa jina mpaka Stokoe akarudi uwanjani peke yake, akasimama mbele yao na kulia. Mtu wa Newcastle, analia mbele ya watu wa Sunderland, na wao wanamwimbia. Hapo ushabiki wa jadi ulikuwa umewekwa kando kwa muda, na nina hakika siku iliyofuata waliuokota tena.

Mdau wa Takwimu

Nimekubali hoja ya Manchester City. Lakini fainali bado unaidai. Leeds ya Revie ilipiga mpira mwingi langoni, ilinyimwa penalti, na mlinda mlango akafanya muujiza. Halafu Leeds walikuwa wamechoka na safari za Ulaya. Tujadili hayo.

Mleta mada

Tujadili.

Leeds ilikuwa inashikilia kombe, iliyolitwaa mwaka 1972 kwa kuifunga Arsenal 1–0 kwa bao la Allan Clarke. Ilikuwa na Billy Bremner na Johnny Giles katikati, Peter Lorimer mwenye shuti lililoogopwa nchi nzima, Norman Hunter, Paul Reaney, Eddie Gray, Mick Jones. Kocha wake ni Don Revie, yule yule ambaye Stokoe alimshinda Wembley mwaka 1955, na wawili hawa hawakupendana tangu miaka ya mwanzo ya sitini, Stokoe alipokuwa kocha mchezaji wa Bury na Revie kocha mchezaji wa Leeds. Kwa upande wa pili, kikosi cha Sunderland siku hiyo hakikuwa na mchezaji hata mmoja aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya wakubwa. Timu ya daraja la pili haikuwa imetwaa kombe hilo tangu West Bromwich Albion mwaka 1931.

Mvua ilinyesha, uwanja ukalowa, na watu 100,000 wakajaa. Dakika ya 32 Kerr alipiga mpira mrefu wa juu, kipa David Harvey akausukuma nje ya mtambaa panya ukawa kona. Hughes akaipiga. Watson akaruka akawavuta mabeki wa Leeds, mpira ukawapita, ukamgonga Halom na kumfikia Ian Porterfield. Porterfield alikuwa mtu wa mguu wa kushoto. Aliutuliza kwa paja la kushoto, kisha akaupiga kwa kulia, mguu aliokuwa akiutumia kwa kupandia basi tu, na mpira ukaingia sehemu ya juu ya wavu. 1–0.

Sasa tufike pale mnapopataka. Kipindi cha pili, kiasi cha dakika ishirini na ushei ndani yake, Reaney alimwaga krosi ndefu. Trevor Cherry akajitupa na kupiga kichwa. Jim Montgomery akaruka upande wake wa kushoto na kuupangua, lakini akaupangulia kwa Lorimer, aliyekuwa hatua chache tu kutoka langoni huku goli liko wazi. Lorimer akaupiga vizuri. Watu hudhani alikosea, hakukosea. Montgomery, ambaye bado yuko chini, akajiinua na kuupeleka kwa mikono kwenye mtambaa panya. Mpira ukadunda, Dick Malone akauondoa.

Kipa Mstaafu

Niruhusuni, kwa sababu nimesimama kati ya milingoti miwili kwa miaka kumi na minane katika ligi za mkoa. Watu huusifu mkono wa pili. Kilichonishangaza mimi kila ninapoutazama mchezo ule ni miguu. Kipa akishaanguka kuokoa mpira wa kwanza, mwili wake wote unataka kupumzika chini kwa nusu sekunde, na nusu sekunde hiyo ndiyo goli. Montgomery hakuanguka kwa kulala. Alianguka huku akijiandaa kusimama. Hilo halifanyiki kwa kubahatisha, hufanyika kwa mazoezi ya maelfu ya mara. Aliichezea Sunderland mechi 627, hakuna aliyeichezea zaidi yake. Sasa niambieni, mtu anayefanya kazi moja mara 627, siku akiifanya vizuri kupita kiasi mnaita muujiza?

Mleta mada

Mzee umenisaidia kuliko nilivyotegemea, na umesema nilichokuwa nakitafutia maneno.

Kuhusu penalti: ni kweli kwamba Bremner aliangushwa ndani ya eneo la hatari katika kukabiliana na Watson, na mwamuzi Ken Burns akaruhusu mchezo uendelee. Nimeitazama mara nyingi. Msimamo wangu ni kwamba waamuzi wengi wa leo wangeitoa, na sioni aibu kulisema. Lakini kama tunahesabu ambayo yangetokea, tuhesabu pia kwamba dakika za mwisho Sunderland ndiyo iliyokaribia kufunga, Halom alipopata nafasi ambayo Harvey aliizuia kwa taabu. Leeds haikuizingira Sunderland mpaka mwisho kama hadithi zinavyosema. Horswill aliwabana viungo wa Leeds mpaka wakaanza kupiga pasi za pembeni, Watson akammaliza Clarke na Jones hewani, na Revie alipomwingiza Terry Yorath badala ya Gray, ilikuwa ni dalili kwamba upande ule Malone na Kerr walikuwa wameumaliza mchezo wa winga wake.

Kuhusu uchovu: Leeds ilikuwa na fainali nyingine ya Ulaya tarehe 16 Mei kule Thessaloniki, ambako ilifungwa na Milan 1–0. Ilikuwa na mechi nyingi, sawa. Lakini Leeds ndiyo ilivyoishi miaka yote hiyo. Ilimaliza ya pili kwenye ligi mwaka 1965, 1966, 1970, 1971 na 1972, na kupoteza fainali za FA za 1965 na 1970. Msimu uliofuata, na wachezaji walewale kwa sehemu kubwa, ilicheza mechi 29 za mwanzo za ligi bila kufungwa na ikawa bingwa. Timu iliyochoka haifanyi hivyo.

Na sasa hesabu ninayowaachia. Msimu wa 1972/73 ligi ilimalizika Liverpool ya kwanza, Arsenal ya pili, Leeds ya tatu. Sunderland iliifunga ya tatu fainali, ikaifunga ya pili nusu fainali, na kabla ya hapo ikaitoa timu iliyoitoa ya kwanza. Mechi tisa, mabao 17 ya kufunga, saba ya kufungwa. Katika daraja lake yenyewe ilimaliza ya sita. Bahati gani inayojua kuchagua wapinzani kwa mpangilio huo?

Picha ya mwisho mnaijua wengi: filimbi imelia, na Stokoe, kavaa koti la mvua, kofia, na suruali nyekundu ya mazoezi, anakimbia uwanja mzima mikono imenyooka. Wachezaji kadhaa anawapita. Anamkimbilia Montgomery. Sanamu ya mkimbio huo ilisimamishwa mwaka 2006 nje ya uwanja mpya wa klabu, uliojengwa mahali palipokuwa na mgodi wa makaa.

Mnyama wa Msimbazi

Mkuu, huyu Porterfield si ndiye aliyekuja kufundisha Zambia?

Mleta mada

Ndiye huyo. Msimu wa 1972/73 unatuhusu Waafrika kwa njia hiyo zaidi ya jina la klabu yenu. Desemba 1974 alipata ajali mbaya ya gari na kupasuka fuvu, akarudi kucheza. Baadaye akawa kocha: alimrithi Alex Ferguson pale Aberdeen mwaka 1986, akaenda Chelsea, na Februari 1993 akawa kocha wa kwanza kufukuzwa katika Ligi Kuu ya Uingereza, iliyokuwa na miezi michache tu tangu kuanzishwa.

Tarehe 27 Aprili 1993 ndege ya timu ya taifa ya Zambia ilianguka baharini nje ya Gabon na kuua watu wote 30 waliokuwamo, wakiwemo wachezaji 18. Porterfield akaenda kuisaidia timu iliyoundwa upya. Oktoba mwaka huo Zambia ilihitaji sare tu nchini Morocco ili kwenda Kombe la Dunia, ikafungwa 1–0. Miezi sita baadaye, Aprili 1994 mjini Tunis, timu hiyo hiyo ilikuwa katika fainali ya Mataifa ya Afrika. Elijah Litana akatangulia kuifungia Zambia, Emmanuel Amunike akaifungia Nigeria mawili. Porterfield alijua fainali inavyoonekana kutoka upande wa mnyonge anayeshinda. Siku ile aliijua kutoka upande wa pili. Alifundisha pia Zimbabwe na Oman, na mwaka 2004 akatwaa Kombe la FA la Korea Kusini akiwa na Busan. Alifariki Septemba 2007 akiwa kocha wa Armenia.

Mdau wa Takwimu

Nimeondoa kigingi. Swali la mwisho: kwa nini timu ile haikuendelea? Klabu nyingine ingekaa juu miaka kumi.

Mleta mada

Kwa sababu kombe halikuipandisha daraja. Ilitwaa kombe Mei, na Agosti ikarudi kucheza daraja la pili. Katika Kombe la Washindi barani Ulaya iliitoa Vasas ya Budapest, kisha ikatolewa na Sporting ya Lisbon: 2–1 nyumbani, 0–2 ugenini. Wachezaji waliokuwa na uwezo wa kucheza juu hawakusubiri. Machi 1974 winga Dennis Tueart na Horswill waliuzwa Manchester City, na aliyekuja upande wa pili ni Tony Towers, yule aliyetolewa nje siku ya Maine Road. Mwaka uliofuata Watson naye akaenda City, na kwa jumla aliichezea Uingereza mara 65. Stokoe aliipandisha Sunderland mwaka 1976, lakini ilidumu huko juu msimu mmoja tu.

Mwaka huo huo wa 1976, mwezi Februari, Watson na Tueart walirudi Wembley wakiwa na jezi ya City kwenye fainali ya Kombe la Ligi. Mpinzani alikuwa Newcastle. Ikiwa sare ya 1–1, Tueart, ambaye kwao ni Newcastle, akaugeuzia mgongo mlango na kufunga kwa tikitaka bao la ushindi.